Je, kanga ni modi au chombo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa isimu, mwaka wa pili. Katika semina ya mawasiliano ya modi nyingi nilisema kwamba kanga ni modi, wenzangu wakanipinga wakidai kuwa kanga ni chombo tu, na modi iliyomo ni maandishi yake. Naomba utufafanulie dhana hizi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Wenzako wamepatia nusu. Modi ni mfumo wa ishara ambao jamii imeuzoea hata ukawa na taratibu zake za kujenga maana, kama vile usemi, maandishi, picha na ishara za mikono. Chombo ni kile kinachozibeba modi hizo hadi zimfikie mlengwa, iwe karatasi, redio au kitambaa cha pamba. Kwa hiyo kanga ni chombo, ila hakikubeba maandishi peke yake: kuna pindo, kuna mji, yaani sehemu ya katikati, wenye picha au nakshi, kuna rangi, na kuna jina, yaani msemo ulioandikwa, ambalo lilianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini.

Wataalamu Gunther Kress na Theo van Leeuwen, walioieneza nadharia hii ya modi nyingi wakijenga juu ya semiotiki jamii (taaluma ya jinsi jamii inavyotumia ishara kujenga maana) ya mwanaisimu Halliday, walishikilia kwamba jamii ndiyo huamua kipi ni modi. Wanaohesabu modi kwa milango ya fahamu hukosea hapo (nami nilikosea hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi), kwa maana maandishi na picha huingia kwa jicho lile lile lakini ni modi mbili. Mwaka 2002 wataalamu hao waliitetea rangi kuwa modi pia, na kwa pwani yetu nadhani hawakukosea: kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, hutambulika kuwa kanga ya harusi kabla mtu hajatafuta jina.

Dhana ambayo hamkuigusa, na ambayo kwangu ndiyo yenye utamu, ni uwezo wa modi, yaani yale ambayo modi inaruhusu na yale inayozuia. Chukua jina «Japo sipati tamaa sikati». Mtu akiyatamka maneno hayo mbele ya jirani, ameyasema yeye, na atayajibia. Yakiwa yamechapwa kwenye kanga aliyoinunua dukani, naye akaifunga kiunoni jina likaangukia nyuma, anayemfuata atasoma ilhali mvaaji hajafungua kinywa. Akiulizwa, atajibu kwamba alipenda rangi tu, na hakuna wa kumshika uongo, kwa sababu rangi nayo ni modi na kweli inapendeza. Maana ya kanga hiyo haikai katika jina peke yake wala katika rangi peke yake; inatokana na jinsi modi hizo zinavyokutana mwilini mwa mvaaji, mbele ya mtu fulani, siku fulani. Katika semina ijayo, anzieni hapo.