Nyumba ya mita 14 iliyogeuka milimita 14: mchoro wa msanifu kwenye kiwanja cha mpima

Mkuu, kama nimekuelewa, mpima amekupa DXF ya kiwanja, msanifu amekupa DWG ya nyumba (yote mawili ni mafaili ya michoro ya kompyuta). Ukiviunganisha, nyumba huioni. Ukiweka picha ya satelaiti chini yake, kiwanja chenyewe kiko mkoa mwingine. Waliokuambia "ikuze mara 1000 halafu isogeze kwa macho" wanakupoteza. Hapo kuna matatizo mawili yasiyohusiana, na yote yamenipata hapahapa Kigoma.

Tuanze na nyumba. Wasanifu wengi huchora kwa milimita, wapima huandika mita. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii nilipewa nyumba ya mita 14, yaani 14,000 kwenye mchoro. Nilipoiingiza kama bloku, yaani mchoro ndani ya mchoro, programu ya kuchorea ya AutoCAD ilisoma kipimo cha faili (kinaandikwa kwenye INSUNITS, 4 ni milimita), ikaona linakoingia ni mita (6), ikagawa kwa 1000 yenyewe, kimyakimya. Mimi nilishakaririshwa kwamba lazima ugawe kwa 1000, basi nikapiga amri ya kubadilisha ukubwa, SCALE 0.001, juu yake. Nyumba ikawa ya milimita 14. Niliitafuta mchana kutwa, mwishowe nikampigia msanifu kumlalamikia kwamba kanitumia faili bovu. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Siku hizi kabla ya kugusa chochote napima mlango. Ukisoma 900, ni milimita. 0.9 ni mita, 90 ni sentimita, na 35.4 hivi ujue mtu kachora kwa inchi. Kisha naangalia INSUNITS. Ikiwa 0, faili halijasema kipimo chake na kila programu itabuni kivyake. DXF za toleo la zamani la R12 hazina hata mahali pa kukiandika, ndiyo maana faili lilelile kwangu linafunguka sawa na kwako linakuwa jitu. Ukibadilisha kipimo kwenye UNITS hujabadilisha ukubwa wa mchoro, umeubandika jina tu. Ukubwa unabadilika kwa SCALE, au programu inapokugawia yenyewe wakati wa kuingiza. Chagua moja, usifanye zote mbili kama mimi.

Sasa kiwanja kilichohama. Hapa usikisogeze hata nukta moja, soma namba kwanza. UTM ni mfumo unaoigawa dunia kanda kanda na kutaja kila mahali kwa mita; Kigoma mjini, koodineti zake za kanda ya 35 kusini huwa karibu 791,000 mashariki na 9,460,000 kaskazini. Mkoa wetu una balaa lake: mpaka wa kanda ya 35 na 36 ni longitudo 30, nao unaukata mkoa. Kigoma mjini na Ujiji ziko 35, Kasulu na Uvinza ziko 36. Kijana aliyezoea kazi za Tabora, ambako kila kitu ni 36, anaacha programu kwenye 36 na kiwanja chako cha Gungu, hapa Kigoma mjini, kinaenda kutua karibu na Kondoa. Namba hazina kosa lolote, kanda ndiyo siyo. Kama kwako kimeruka mkoa mzima, naanza kushuku hapo.

Kikikosea kwa mita mia tatu hivi, hiyo ni habari nyingine. Ramani zetu nyingi za upimaji ziko kwenye Arc 1960, lakini picha za satelaiti na GPS ya mkononi ni WGS 84; hiyo ni misingi miwili tofauti ya kuhesabia koodineti. Namba za Arc ukizichukulia kama WGS, kiwanja kinapanda kaskazini karibu mita 300 na kwenda magharibi makumi kadhaa ya mita. Cha ufukweni kinaweza kujikuta ziwani na dagaa. Kwenye QGIS, programu ya ramani, Arc 1960 kanda ya 35 kusini ni namba 21035, na WGS 84 ya kanda hiyohiyo ni 32735. Likabidhi faili namba yake ya kweli, halafu iache programu ibadilishe.

Mchoro ukionekana kama umetazamwa kwenye kioo, safu za mashariki na kaskazini zimebadilishana kwenye Excel. Huku kwetu ni rahisi kujua, yenye milioni tisa ndiyo kaskazini.

Kama una mpango wa kuipeleka nyumba Blender, programu ya picha za 3D, ukampendezeshe mwenye mali, usiipeleke na koodineti hizo. Blender hutunza namba fupi, zenye tarakimu chache, na zikishapita 8,388,608 haziwezi kushika kitu kidogo kuliko mita nzima. Tanzania Bara yote, kaskazini yake imepita hapo, kwa hiyo kuta zitavunjikavunjika. Kwenye nakala, toa 791,000 na 9,460,000, na uandike kwenye mchoro kwamba umezitoa. Bila maandishi hayo, atakayelipokea faili atakulaani.

Ukimaliza yote hayo unaweza kukuta mpaka wa mita 100 kwa tepu unasoma 100.05. Usimgombeze mpima. Kigoma iko pembeni mwa kanda, huko UTM inavuta mistari. Tabora, karibu na katikati ya kanda yake na juu zaidi kutoka usawa wa bahari, mita 100 hizohizo zinasoma kama 99.94. Kwa nyumba ya mita 14 tofauti haifiki sentimita moja, fundi afuate vipimo vya msanifu. Kwa barabara au bomba la kilomita kadhaa, usipuuze.

Muulize mpima kanda na kama ni Arc au WGS. Akikujibu, weka hapa koodineti za bikoni moja (alama ya kona ya kiwanja) na upana wa mlango, tuangalie. Hati ya kiwanja usiiweke.