Usiweke QPFRADJ 0! Mimi niliweka

Ndugu, toa mkono kwenye hiyo kibodi kwanza. Unasema kila asubuhi skrini za kaunta za AS/400 yako (ile kompyuta ya biashara ya IBM) zinakwama, fundi amekushauri uweke QPFRADJ, mpangilio unaoifanya mashine igawe memori yenyewe, iwe 0 ugawe mwenyewe, tena unauliza kama ununue memori au diski mpya. Ushauri huohuo nilipewa mimi, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kampala.

Shida yako naijua. Usiku kazi za bechi, zile zisizohitaji mtu, zinakimbia kwenye *BASE, fungu la memori la pamoja, hakuna mtu kwenye skrini, basi AS/400 inainyang'anya memori *INTERACT, fungu la watu wa skrini. Saa mbili asubuhi makeshia wanaingia kwa mkupuo, na memori inarudishwa kidogo kidogo. "Mtaalamu" wetu, suti kali, ankara ya dola, akasema otomatiki ni ya wavivu. Nikaweka 0, nikaijaza *INTERACT, *BASE ikabaki na makombo. Vipimo vya zamani sikuandika popote. Wiki tatu nilitembea kama mkwe aliyemaliza mahari.

Ukafika mwisho wa mwezi. Kufunga hesabu kulikuwa kunaisha kabla ya saa sita usiku. Saa nane bado. Nikafungua WRKSYSSTS, skrini ya hali ya mashine, F5, F5, F5 kuiburudisha: *BASE inavuta kurasa diskini kama mtu anayechota kisima kwa kijiko, *INTERACT imeshiba memori na imelala. Akili ya usingizi ikaniambia nipunguze kiwango cha shughuli cha *BASE, yaani idadi ya kazi zinazoruhusiwa kukimbia humo kwa wakati mmoja. Nikakishusha mno. Sasa kazi zikawa zinapanga foleni hata ya kupewa zamu, safu ya Act-Inel (kazi zinazonyang'anywa zamu) inapanda, nami nimeshika rolex, ile chapati ya mayai, iliyopoa. Simu ya mtaalamu haipatikani! Kulipokucha malori ya Gulu na Mbarara yamejipanga uani, hati za kutolea mzigo hazitoki, makeshia wanaandika kwa kalamu. Makaratasi yale tuliyaingiza siku mbili. Bosi bado ananiita Bwana Sifuri. Si neno, jina hilo halikufika kwenye barua ya kufukuzwa.

Utasema ningehamisha memori kwa mkono usiku uleule. Sawa, ila nani atakesha kila mwisho wa mwezi? Wewe?

Iache QPFRADJ 2, mashine ijigawie memori yenyewe, ndivyo inavyotoka kiwandani. Ingia WRKSHRPOOL, skrini ya mafungu ya memori, bonyeza F11, uipe *INTERACT asilimia ya chini. Mashine itahamisha kilicho juu ya hapo, chini yake haishuki. Mimi niliweka 30. Yako ipime kwa idadi ya watu wako. Na kama kuna programu yenye fungu lake binafsi la memori, hilo QPFRADJ hailigusi kabisa, usiilaumu bure.

Kabla ya yote piga picha skrini hiyo kwa simu. Yangu siku hizi ninayo, katikati ya picha za kipaimara cha mtoto.