Kuweka kisu cha kubebeshea parachichi kwenye plaizi ya kukunja

Sisi tunaobebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye shina la mche mwingine, huku Rungwe na Njombe tunatembea na ile plaizi ya kukunja yenye visu na bisibisi ndani, iko kiunoni muda wote, shida ni kwamba kisu kinachokuja nayo kimenolewa pande zote mbili. Kubebesha kunataka kisu kilichonolewa upande mmoja tu, upande wa pili uwe bapa kabisa, ndo kikonyo kinakatika kimenyooka na kinakaa kwenye shina bila kuacha uwazi. Mi nimechonga changu nikakiweka mle mle ndani, na kama na wewe unataka, jambo kubwa ni hili: usianze na makali, anza na kitako, ile sehemu ya nyuma ya kisu inayoingia kwenye mpini.

Lakini kwanza cheki kama inafunguka. Leatherman Wave imefungwa kwa skrubu za Torx, zile za tundu la nyota, zenye kapini katikati kwa hiyo unahitaji biti yenye kitundu, bisibisi ya kawaida itazikwangua tu. Victorinox SwissTool ni riveti, hazifunguki kwa bisibisi, hiyo iache kama ilivyo. Na ujue Leatherman wanatoa garantii ya miaka 25, ukishaingiza kisu cha kwako umeiaga hiyo garantii, amua mapema. Skrubu ikigoma usiilazimishe, mara nyingi imepakwa gundi, ipashe kichwa na pasi ya lehemu gundi italainika. Piga picha kila hatua aisee, halafu tandika kitambaa cheupe, maana zile washa nyembamba zikidondoka kwenye sakafu ya vumbi ndo basi.

Sasa kitako. Pale kuna vitu vitatu: tundu la pini, sehemu inayogota kisu kikifunguka, na sehemu loki, ile inayozuia kisu kisijifunge, inapokamata. Kisu cha zamani usikitupe, kiweke juu ya chuma chako ukichore, hicho ndo kipimo chako. Unene upime kwa venia, kile kipimo cha kubana, kikiwa chembamba kuliko cha mwanzo kinacheza, kikiwa kinene mipini haifungi. Tundu litobolewe kabla ya kuchovya kisu kwenye mafuta kukigumisha maana kikishakuwa kigumu drili yako itateleza tu juu, na pale pa loki acha nyama kidogo, piga tupa mara mbili tatu, funga, jaribu, fungua, piga tena. Inachosha kweli, ila loki isiyokamata itakufungia kisu kwenye vidole ukiwa unakandamiza kikonyo kigumu, kwa hiyo hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Chuma kizuri kiko Mafinga, zile diski za misumeno ya dingdong, mashine ndogo za kupasua mbao, zilizochoka. Kata kipande kidogo kwanza, kipashe mpaka kiwe chekundu, kichovye kwenye mafuta, kisha kipitishie tupa, tupa ikiteleza bila kung'ata hicho ni chuma cha kisu. Baada ya hapo pasha kile utakachotumia ukizike kwenye majivu kilale humo usiku kucha, kitalainika utachonga na kutoboa bila tabu. Ukitumia grenda vaa miwani.

Kukigumisha mi natumia mkaa na kipulizio, unapasha polepole huku unagusisha sumaku, sumaku ikiacha kushika ongeza moto kidogo tu halafu chovya ncha kwanza kwenye mafuta ya alizeti. Mafuta yawe ya uvuguvugu, nyuzi 50 au 60 hivi, maana baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba inayafanya mazito na hayapoozi chuma vizuri. Hapo kisu ni kigumu ila kinavunjika kirahisi, kwa hiyo oveni nyuzi 200 saa moja, kipoe, rudia tena, kikitoka na rangi ya njano iliyofifia kiko tayari. Ukija kunoa kwa mashine chovya kwenye maji kila mara, kikigeuka bluu pale kwenye makali ugumu umeondoka.

Chuma cha namna hii kinashika kutu haraka, na mvua za Tukuyu mnazijua. Futa utomvu kila ukimaliza, pangusa kwa spiriti ukihama mti, halafu kwenye bawaba weka mafuta ya cherehani. Alizeti usiweke pale, inaganda na kunata, kisu kinakuwa hakifunguki kwa mkono mmoja.