Mwezi wa kwanza na gari la michezo lililotumika: tangulia na matairi na breki

Ndugu yangu, hongera kwa gari. Umeeleza kwamba umenunua Nissan 350Z ya mwaka 2005 kutoka kwa mmiliki wa tatu, kwamba hukukabidhiwa kumbukumbu zozote za matengenezo, na kwamba fedha iliyobaki unafikiria kuitumia kwa ekzosi yenye mlio mzito na ringi za inchi 19. Kisha ukauliza uanze na kipi kati ya hivyo viwili. Ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo usiiguse kwanza kwa ajili ya ekzosi wala ringi. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu mwaka 2019 nilikuwa hapo ulipo leo, nikiwa nimenunua Honda S2000 ya mwaka 2001 iliyotembea kilomita 148,000, na yale niliyoyafanya kwa kuchelewa nusura yanigharimu gari lenyewe.

Gari la michezo lililopita mikono mitatu huja na maneno mengi kutoka kwa muuzaji: oili ilibadilishwa juzi, klachi ni mpya, breki zimefanyiwa kazi. Huenda yote ni kweli. Lakini wewe ndiye utakayekaa nyuma ya usukani, kwa hiyo jambo lolote lisilo na risiti wala kumbukumbu lichukulie kuwa halijafanyika, ulifanye upya, uandike tarehe na kilomita kwenye daftari lako. Gari la kawaida la kwendea kazini linaweza kuvumilia mwenye nalo akikisia. Gari lenye nguvu linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halivumilii, kwa kuwa kila kifaa chake kinafanya kazi karibu zaidi na kikomo.

Anza na matairi. Mimi sikuanza nayo, kwa sababu yalionekana mazima kabisa: kashata, yaani mistari ya mpira inayogusa barabara, zilikuwa nene, hayakuwa na mpasuko wowote, na hata fundi niliyekwenda naye kukagua gari aliyasifia. Siku ya tisa baada ya kununua, mvua ilikuwa imeacha kunyesha muda mfupi uliopita na lami ilikuwa bado imelowa. Niliingia kwenye kipilefti kwa gia ya pili, mwendo haukufika kilomita 40 kwa saa, na nilipokanyaga mafuta kidogo wakati wa kutoka, nyuma ya gari ikachomoka upande kana kwamba tumepita juu ya sabuni. Kwa hofu nikaachia mafuta ghafla, jambo ambalo huhamishia uzito mbele na kuyapunguzia matairi ya nyuma hata ule mshiko mdogo yaliokuwa nao. Gari likajizungusha, likasimama likitazama tulikotoka, na tairi la nyuma la kushoto lilikuwa kama shubiri mbili kutoka kwenye ukingo wa zege. Gari la mwaka ule halikuwa na mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunisaidia isipokuwa mpira wenyewe.

Jioni ile nilichukua kitambaa chenye maji, nikapangusa ubavu wa tairi, nikamulika kwa tochi mpaka nikaziona herufi DOT na, mwishoni mwa mfuatano wake, tarakimu nne: 3808. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani tairi lile lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2008. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi. Nilipolibonyeza kwa ukucha lilikuwa gumu kama plastiki ya ndoo. Mpira hukauka na kuwa mgumu kwa miaka hata kama gari limelala tu, na magari ya michezo hulala sana, ndiyo maana utakuta tairi lenye kashata nzuri ambalo halishiki chochote. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wengi wa matairi husema lisivuke miaka 10 kwa hali yoyote. Kagua yote manne, tena kagua pande zote mbili za kila tairi, kwa kuwa mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu na upande huo unaweza kuwa umetazama ndani. Ukibadilisha, usichanganye tairi jipya na la zamani kwenye ekseli moja, na ukiona vipimo vya mbele na nyuma vinatofautiana, usidhani ni kosa. S2000 yangu ilitoka kiwandani na 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, yaani matairi ya nyuma ni mapana zaidi (milimita 225 dhidi ya 205), na tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi.

Baada ya matairi, breki. Watu wengi hutazama unene wa pedi kupitia tundu la ringi, wakaridhika. Mimi nilipofungua magurudumu nilikuta pedi ya nje ikiwa na zaidi ya nusu ya unene wake, ilhali ya ndani, ile isiyoonekana bila kufungua, ilikuwa imebaki kama milimita 2. Pini ambazo kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu yake zilikuwa zimekauka na kushika, kwa hiyo pedi ya ndani peke yake ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Kusafisha pini na kuzipaka grisi yake maalumu ya joto kali ni kazi ya saa moja, na baada ya hapo gari liliacha kuvutia upande mmoja wakati wa kusimama.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe yote, hata kama yanaonekana masafi. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kwa mujibu wa viwango vyake, DOT 4, ambayo ni daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230, lakini ikishanyonya maji hadi karibu asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzijoto 155 tu. Kwenye mteremko mrefu, au ukiendesha kwa nguvu, joto la kalipa linaweza kuvuka hapo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila gari kusimama. Yaliyotoka kwenye gari langu yalikuwa ya kahawia iliyokolea, wakati mapya yana rangi ya manjano hafifu. Kila miaka 2 ni muda unaofaa. Angalizo moja: DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1, hivyo soma kifuniko cha chombo cha mafuta kabla ya kuongeza chochote. Mipira inayopitisha mafuta ya breki pia ikunje kwa vidole uone kama ina nyufa.

Hapo ndipo ninapokwenda kwenye injini. Badilisha oili na filta mara moja, lakini filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kifaa cha kukatia filta. Msumeno haufai kwa sababu unga wake wa chuma utaingia ndani na kukudanganya. Fungua ile karatasi yenye mikunjo, ikamue, itandaze juu ya karatasi nyeupe penye jua. Utando mwembamba wa kijivu si jambo la kuogopesha katika injini yenye umri. Vipande vinavyometa ndivyo vya kutilia maanani: visogezee sumaku, na kama havivutwi huenda vinatoka kwenye beringi za injini, jambo linalostahili jicho la fundi kabla hujaendelea kulitumia gari. Filta yangu ilikuwa safi, na nakiri kwamba nilipumua.

Kisha pima oili kila unapojaza mafuta ya gari, mahali pa tambarare, dakika chache baada ya kuzima injini. Injini zinazozunguka kwa kasi kubwa hula oili. Ile ya S2000 ya kwanza inafika mizunguko 9,000 kwa dakika, na yangu ilikula karibu nusu lita katika kilomita 1,000 za mwanzo. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huonyesha kuwa shinikizo limeshuka, haikuonyeshi kiasi kilichobaki, na ikiwaka wakati unaendesha kwa kasi madhara yanaweza kuwa yameshatokea. Vilevile, kipimo cha joto kikifika katikati kinakuambia maji ya injini yamepata moto, lakini oili huchelewa. Ipe injini dakika kumi nyingine za kwenda taratibu kabla hujaizungusha hadi juu.

Kuhusu vimiminika vingine sitasema mengi: oili ya giaboksi, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na kulanti (maji ya kupoza injini) vibadilishwe vyote kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, plagi zitolewe zitazamwe, na zikiwa nje mwombe fundi apime mgandamizo wa silinda zote injini ikiwa ya moto. Namba moja moja si hoja kubwa kama ulingano wake. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna kitu. Kama gari lina mkanda wa taiming na hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki hiyo hiyo pamoja na pampu ya maji ikiwa inaendeshwa na mkanda huo, kwa kuwa katika injini nyingi mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Lako lina cheni, kama langu, kwa hiyo hili limekupita.

Jambo ambalo wenye magari haya hulisahau ni kwamba mmiliki aliyetangulia alikuwa na ndoto zake pia. Huenda alishusha gari, akaweka spesa, vipande vya kusogeza magurudumu nje, akabadilisha programu ya kompyuta ya injini. Tafuta kila kilichobadilishwa na, kama hakina maelezo, kirudishe kilivyotoka kiwandani, walau mpaka utakapolijua gari. Nilikuta springi fupi na shokapu ambazo hazikutengenezewa springi hizo. Ndiyo sababu gari lilirukaruka kwenye kila bonde la barabara nikidhani ndivyo magari ya michezo yalivyo. Niliporudisha za asili nikaenda kupanga magurudumu (alaimenti), fundi akashindwa, kwa kuwa boliti za kurekebishia zilikuwa zimeota kutu na kushikana na bushi, zile pete za mpira kwenye maungio ya sasipenshen. Ilibidi zikatwe na kuwekwa mpya. Kagua bushi na boliti hizo kabla ya kulipia upangaji wa magurudumu, la sivyo utalipa mara mbili.

Kuna mambo madogo ya siku ya kwanza ambayo hayahitaji fundi. Tafuta ufunguo wa nati za kuzuia wizi wa ringi kabla hujapata pancha usiku. Funga nati kwa spana ya kipimo, si kwa kukanyaga kwa mguu. Kwa gari langu ni nyutoni-mita 108, la kwako litakuwa na kipimo chake kwenye kitabu. Kamilisha uhamisho wa umiliki na bima kabla ya safari ya pili. Tumia nambari ya chesisi kuuliza kwa mtengenezaji kama gari lina wito wa marekebisho ambao haujafanyika. Usilipuuze hilo: mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliwekwa katika mamilioni ya magari ya watengenezaji wengi, na kemikali iliyo ndani ya vilipuzi vyake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi kiasi cha kurusha vipande vya chuma mfuko unapofunguka. Watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka salama. Marekebisho hayo hufanywa bila malipo.

Kwa 350Z yako mahususi, tazama bushi za mikono ya mbele ya sasipenshen, zile za mkono wa chini unaoelekea kwenye chesisi, kwa sababu zinafahamika kwa kupasuka. Ukisikia mtetemo kwenye usukani unapokanyaga breki, usikimbilie kulaumu diski kabla ya kuzikagua. Pitisha pia kiganja juu ya kashata za matairi ya mbele kwenda na kurudi. Ukihisi kiganja kinateleza kikienda upande mmoja lakini kinakwama kikirudi, kama kwenye meno ya msumeno, magurudumu hayajapangwa sawa.

Ringi za inchi 19 zitakutaka ununue matairi ya ukubwa huo, na huenda matairi yaliyo chini ya gari sasa ni mazima au ni ya kutupwa leo. Hutajua mpaka uyasome. Chukua kitambaa na tochi jioni hii, andika tarakimu nne za kila tairi na upande lilipo, kisha niandikie pamoja na rangi ya mafuta ya breki uliyoiona. Tukishajua hayo nitakusaidia kupanga kipi kifuate kwa fedha uliyonayo, na ekzosi tutaizungumza mwezi ujao.