Utupa, oili chafu na kupe wasiokufa

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tukuyu, nafuga ng'ombe wawili chotara wa maziwa na ndama jike, wote wanakula bandani. Kila wiki nawapulizia dawa ya dukani lakini kupe hawaishi, na nimeshabadilisha dawa mara kadhaa. Jirani anasema niachane nazo, nitwange majani ya mmea wa utupa, nichanganye na tumbaku na oili chafu ya gari, niwapake. Shemeji yangu wa Dodoma naye anasema mwarobaini ndio kiboko ya kupe. Nifuate lipi? Na maziwa yatanyweka?
Mama mfugaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kuhangaika. Nianze na linalonitisha: tumbaku na oili chafu usiviguse. Oili iliyokwisha kutumika inaunguza ngozi, imebeba masalia ya metali, na ng'ombe hujilamba mchana kutwa. Nikotini ya tumbaku inapenya ngozi. Ndama wako anaweza kufa nayo, na wewe unayepaka kwa mikono mitupu itakushika kichefuchefu na kizunguzungu.

Utupa ni habari nyingine. Wazee wa kwenu wanaujua tangu enzi za kuvulia samaki, na nguvu yake ni ya kweli. Majani yake yana deguelini, sumu ya ukoo mmoja na rotenoni, ambayo inauzuia mwili wa mdudu kutumia hewa anayovuta. Nimewaona wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini wakiwapaka ng'ombe wa kienyeji na kupe wakapungua, kwa hiyo siudharau hata kidogo. Shida ni kwamba hujui umepaka nini. Watafiti waliopima utupa wa wakulima nchini Malawi walikuta aina mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha: moja ina sumu hiyo, nyingine haina. Unaweza kutwanga ndoo nzima ukampaka ng'ombe maji ya majani tu. Na hata ule wenye sumu, jua likiupiga nguvu yake inapotea upesi.

Ukiamua kuutumia, twanga majani mabichi, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni ya mche kidogo ili maji yashike kwenye manyoya, kisha pakaa jioni. Vaa glavu. Maji ya kuoshea ndoo yamwage shimoni mbali na mto, maana samaki wa Kiwira hawana kosa.

Shemeji yako hajakosea, ila anasema ya Dodoma. Mwarobaini ni mti wa joto, kwa baridi ya Tukuyu haustawi, kwa hiyo utanunua mafuta ya kokwa zake. Kazi yake kubwa ni kuvuruga kupe asijivue gamba na mayai yake yasianguliwe. Hatakufa leo wala kesho. Kwa kupunguza kizazi kijacho ni dawa nzuri. Kumwokoa ng'ombe aliyekwisha kuumwa na kupe leo, hapana.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, mama. Ng'ombe wako ni chotara, na adui yako mkubwa ni ndigana kali, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoletwa na kupe wa kahawia anayekaa sikioni. Kupe huyo akishang'ata huchukua siku kadhaa kabla ya kuanza kumwaga vimelea. Siku hizo ndizo nafasi yako. Dawa inayofanya kazi polepole, au ambayo huna hakika na kipimo chake, inakupotezea nafasi hiyo. Ng'ombe wa kienyeji aliyekulia katikati ya kupe anaweza kuhimili. Chotara wa maziwa mara nyingi hufa.

Sasa turudi kwenye dawa yako ya dukani, maana nadhani tatizo limeanzia hapo. Soma kiambato kwenye lebo. Dawa nyingi zenye majina tofauti ni za kundi moja liitwalo parethroidi, kwa hiyo umebadilisha chupa tu, dawa ni ileile. Kama umekuwa ukitumia sipamethrini, ambayo ni ya kundi hilo, nenda kwenye amitrazi, ambayo ni ya kundi jingine. Changanya kama lebo inavyosema, bila kuongeza maji ili ifike mbali, kwa sababu dozi hafifu ndiyo inayofuga kupe sugu. Ng'ombe mkubwa mmoja anahitaji lita 5 au zaidi za mchanganyiko, alowe mpaka adondoke. Wengi bomba moja wanalizungusha kwa zizi zima, mgongo unalowa huku chini ya mkia, kwenye kinena na katikati ya kwato pamekauka.

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, ingiza kidole ndani ya sikio na upapase polepole mpaka kwenye mikunjo ya ndani. Kupe wachanga ni wadogo kama punje za ufuta, jicho linawapita lakini kidole kinawagundua. Wachomoe, watie kwenye kopo la mafuta ya taa. Papasa pia tezi iliyo chini ya sikio. Ukiikuta imevimba na ng'ombe ana homa, mwite bwana mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, husaidia ikiwahi. Mwulize pia kuhusu chanjo ya ndigana kali kwa ndama wako. Inadungwa pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini, na wafugaji wa Kimaasai kaskazini wameitumia kwa miaka mingi. Haizuii ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, kwa hiyo kuogesha kunaendelea.

Umesema wanakula bandani. Basi kupe wanaletwa na majani. Ukikata nyasi kando ya barabara wanakopita ng'ombe wa watu, unawabebea kupe mzigoni. Panda mabingobingo yako mwenyewe.

Kuhusu maziwa: dawa ya dukani ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, zifuate. Utupa hauna lebo, kwa hiyo usiupake kwenye kiwele wala chuchu, pakaa baada ya kukamua, na asubuhi osha kiwele kwa maji safi ya uvuguvugu. Mimi binafsi, kwa ng'ombe anayekamuliwa, ambaye maziwa yake watoto wanayanywa, nisingeupaka kabisa. Ningeuweka kwa mitamba na ng'ombe waliokauka. Ukiniandikia tena, ninakilie jina la kiambato lililo kwenye hizo chupa zako zote.