Ndugu, hilo jina lifute kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kumbukumbu za upelelezi wako kuhusu kifo cha yule mwenye duka la jumla mtaani kwenu ziandikwe kwa nafsi ya kwanza, kama uzitoe kitabu au uzirushe mtandaoni sura kwa sura, na kama jina na picha ya kijana unayemshuku viwekwe katika sura ya kwanza ili kumnasa msomaji. Nilipofika kwenye hilo la tatu nilikiweka kikombe chini, kwa sababu niliyaona maneno yangu mwenyewe ya mwaka 2017 yakiwa yameandikwa na mtu mwingine.

Mwaka huo mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu Temeke aliuawa usiku, na simu yake ikachukuliwa. Polisi walikuja, wakaandika maelezo ya watu, wakaondoka, na baada ya hapo sisi wa mtaani tukaona kimya. Mimi, karani wa ghala asiyewahi kupeleleza hata panya, nilinunua kauntabuku la kwaya tatu na kuanza kuzunguka kwa mama lishe, kwa bodaboda na kwa walinzi wenzake marehemu, nikiandika kila nilichoambiwa pamoja na saa niliyoambiwa. Mjane aliniambia kwamba simu ya mumewe ilikuwa na ufa kwenye kona ya juu kulia, uliotawanyika kama miguu ya buibui.

Mwezi wa nne wa kuzunguka kwangu niliiona simu hiyo, au niliamini nimeiona, ndani ya sanduku la kioo la fundi simu mmoja karibu na kituo cha daladala. Aina ileile, rangi ileile, ufa kona ileile. Nikailipia shilingi 45,000 bila hata kuomba nipunguziwe, jambo ambalo kwa mtu wa Dar es Salaam lingetosha kumshtua muuzaji. Nilipofika nyumbani niliivisha mfuko wa nailoni ili nisiharibu alama za vidole, baada ya kuishika njia nzima kwa mkono uliotoka kula maandazi. Cheka tu, na mimi nimeshacheka sana.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Wakati huo nilikuwa nikiuandika upelelezi wangu sura kwa sura kwenye ukurasa wa bwana mmoja mwenye wafuasi wengi, ambaye alijiita mhariri wangu ingawa sikuwahi kumwona akisahihisha hata nukta. Nilipomwambia nimeipata simu lakini nasita kumtaja fundi, alinijibu kwamba sura isiyo na jina ni chai isiyo na sukari, na kwamba kama ushahidi ninao, ninaogopa nini? Nikaona aibu kuitwa mwoga, nikaliweka jina la fundi, nikaliweka na eneo la kibanda chake, Ijumaa baada ya isha. Usiku ule nilihesabu maoni ya wasomaji mpaka saa saba, nikifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Bwana mhariri, kama unasoma hapa, najua kwamba Jumapili asubuhi ulifuta sura yangu, ukafuta jina langu kwenye ukurasa wako na kubadilisha namba ya simu. Wewe ndiwe uliyeniuliza ninaogopa nini.

Jumamosi mchana wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali walifika kwenye kibanda. Walikivunja na kukichoma moto pamoja na simu za wateja zilizokuwa zikisubiri kutengenezwa, na fundi mwenyewe akapona kwa sababu tu mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimvuta ndani ya ofisi, akafunga mlango kwa kufuli na kusimama nje mpaka gari la polisi lilipofika. Alishonwa nyuzi tisa kichwani. Nilizihesabu mwenyewe baadaye, nikiwa nimekaa mbele yake nikitafuta neno la kusema.

Nilipoitwa kituoni nilikwenda na simu yangu ndani ya nailoni na kauntabuku langu kwapani, nikiamini bado naweza kuwaokoa polisi. Mpelelezi hakulifungua daftari. Aliniuliza swali moja tu: namba ya IMEI, ile ya utambulisho ambayo kila simu huwa na yake, nimeilinganisha na nini? Mkuu, Juni 2016, mwaka mmoja tu kabla ya hapo, TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizohizo, na nchi nzima, bibi zetu wakiwemo, ilikuwa ikibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli ili kuhakiki simu. Mimi nilipima ufa wa kioo kwa rula, nikaichora ramani ya mtaa kwa kalamu za rangi tatu, na hiyo nyota na reli sikuibonyeza.

Mjane aliitwa, akaja na boksi la simu ya mumewe, ambalo miezi yote hiyo lilikuwa chini ya kitanda chake, akitunzia sindano na vifungo. Tukazisoma tarakimu 15 moja moja, mpelelezi akisoma za kwenye boksi na mimi za kwenye simu. Nane za mwanzo zililingana zote, nikaanza kupumua. Kumbe nane hizo huonyesha toleo la simu tu, kwa hiyo simu nyingi za toleo lile hubeba tarakimu hizohizo. Ya tisa ikakataa, ya kumi ikakataa, nikaacha kusoma kwa sauti.

Wala huo haukuwa mwisho wa hasara. Namba ya boksi lile mpelelezi alikuwa ameinakili tangu wiki ya kwanza, na simu yenyewe ilikuwa ikiwashwa mara mojamoja kwa laini nyingine, polisi wakiifuatilia polepole. Tangu Ijumaa yangu ile haikuwashwa tena. Kile nilichokiita kimya katika sura ya pili, kwa kejeli nyingi, kilikuwa kazi inaendelea. Fundi nilimlipa shilingi 2,600,000 kwa awamu mbele ya wazee, nikauza pikipiki, lakini mjane sina cha kumlipa.

Wewe umesema umevutiwa na mwandishi wa Marekani, Michelle McNamara, aliyemfuatilia muuaji wa California kwa miaka. Basi mfuate mpaka mwisho. Aliwahi kuona mtandaoni vifungo vya mikono ya shati vilivyofanana na vilivyoibwa na muuaji huyo mwaka 1977, akavinunua kwa dola 8 na kulipa 40 nyingine vimfikie upesi, kichaa kilekile cha simu yangu. Lakini hakumtangaza yule muuzaji kuwa muuaji. McNamara alifariki Aprili 2016, kitabu chake kikatoka Februari 2018, na Aprili mwaka huohuo akakamatwa Joseph James DeAngelo, polisi wa zamani, ambaye jina lake halikuwa hata katika orodha ya washukiwa wake. Aliyemfichua ni vinasaba vilivyolinganishwa na vya ndugu zake wa mbali. Fikiria kama angekuwa amelijaza pengo lile kwa jina la jirani fulani kwa sababu msomaji anataka sukari.

Kwa hiyo daftari lako liwe na majina yote unayotaka, ila jina la mtu aliye hai ambaye mahakama haijamtia hatiani lina njia moja tu ya kutoka humo, nayo ni kwenda kwenye jalada la mpelelezi. Usijifariji kwa kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ati kinambana anayejua kwamba anachochapisha ni uongo. Faini yake ni kuanzia shilingi milioni 5, au kifungo kuanzia miaka 3, au vyote viwili, na mimi nilishajiandaa kumweleza hakimu kwamba sikujua, nikafanya mazoezi mbele ya kioo, na hata kioo hakikuniamini.

Nafsi ya kwanza inafaa, nadhani. Hilo la kitabu waulize wengine. Mimi nataka kujua jambo moja: ile picha ya kijana uliyosema utaijaribu kwanza kwenye grupu la mtaa, umeshaituma? Kama umeshaituma, ifute sasa hivi, kisha mpigie mwenyekiti wenu wa mtaa kabla hujanijibu hapa.