Kwa mnaoanza kuhudumia mikono iliyokatika neva

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fiziotherapia hapa Mombasa, wagonjwa wa neva watakuwa wengi kuliko mlivyozoea chuoni. Watakuja waendesha bodaboda walioangukia bega, mafundi wa vioo, na wauza madafu ambao panga liliteleza likaingia kwenye mkono ulioshika dafu. Wote watauliza: "Mkono utarudi lini?" Huwezi kujibu kwa haki ukiifikiria neva peke yake. Anza na seli zinazoilea.

Aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva unaopitisha ujumbe, ikikatwa, kipande kilichotengana na mwili wa seli hufa. Augustus Waller alilieleza hilo mwaka 1850. Kinachofuata ndicho ningependa mkishike vizuri kuliko orodha ya misuli. Seli za Schwann, ambazo siku zote huizungushia aksoni ala ya mayelini (tabaka la mafuta linaloifunika), hazifi pamoja nayo. Huacha kazi hiyo, hugawanyika, huita makrofaji, seli za kinga zinazokula uchafu, waje kuzoa mabaki, kisha hujipanga mstari ndani ya mirija iliyobaki wazi. Aksoni mpya hupita humo humo. Wakati huohuo seli hizi hutoa protini za ukuaji kama NGF, BDNF na GDNF. Ncha ya aksoni huzipokea, na ujumbe husafiri hadi kwenye mwili wa seli kuuambia uendelee kuishi na kujenga. Kila kundi la neva lina yake: NGF hutumikia hasa neva za maumivu, GDNF hufaa sana zile zinazoendesha misuli.

NGF tunaijua kwa kazi ya mwanasayansi Rita Levi-Montalcini, aliyekuwa akichunguza viinitete vya kuku chumbani kwake Turin, Italia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeye na Stanley Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Sasa hesabu, maana mgonjwa anataka miezi. Aksoni hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, basi mwambie nusu mwaka au zaidi. Kutoka shingoni hadi vidoleni ni zaidi ya miaka miwili, na hapo ndipo penye uchungu: seli za Schwann zilizokaa miezi mingi bila aksoni hupunguza protini zake na zenyewe hupungua, na misuli iliyokosa neva mwaka mmoja hadi mmoja na nusu ni nadra kurudi vizuri. Ndiyo maana kijana wa bodaboda ambaye mkono bado unaning'inia hafai kuzungushwa kwa masaji wiki baada ya wiki. Mpeleke kwa daktari mpasuaji mapema. Mazoezi hulinda viungo visikakamae, hayaungi neva.

Jifunzeni kugonga. Anza vidoleni, rudi polepole kuelekea kwenye kovu, ukigonga kwa ncha ya kidole chako juu ya njia ya neva. Muuza madafu mmoja alinyamaza kimya hadi nilipofika katikati ya kiganja, akaruka: "Hapo! Inapiga shoti!" Hapo ndipo aksoni zilipofikia. Tia alama kwa kalamu, pima kutoka kwenye kovu, andika na tarehe. Mwezi ujao alama isiposogea, mjulishe daktari, usingoje.

Mtaulizwa pia kuhusu vidonge vya vitamini B. Vinamsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo, lakini si protini za ukuaji, na msimwache mama wa watu auze kuku wake kwa tumaini hilo. NGF ya sindano ilipojaribiwa kwa watu ilileta maumivu. Iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ni matone ya jicho, kwa ugonjwa wa neva za konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho.

Akija mtu mwenye ganzi bila jeraha, kagua ngozi yake yote kwa mwanga mzuri na upapase neva nyuma ya kiwiko. Vijidudu vya ukoma huishi ndani ya seli za Schwann zenyewe, na dawa yake ipo.

Na kabla mgonjwa hajaondoka, muulize nani anapika nyumbani. Kama ni yeye, mwonyeshe namna ya kushika sufuria kwa mkono unaohisi, na ule mwingine aukague kila jioni.